Tulivyomfanya Mwenyekiti Bingwa wa Karata

Mwenyekiti wa tawi letu la chama alikuja barazani kwetu mara ya kwanza kwa sababu ya sikio langu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa kijana, karani wa idara ya maji, nimepanga chumba Mkunazini, mjini Unguja, na kila siku baada ya sala ya alasiri nilikuwa barazani kwa fundi cherehani. Hapo tulikuwa wanne. Kwanza fundi mwenyewe, mtu mnene, mpole, mwenye pini mdomoni hata anapozungumza. Wa pili mkata tiketi wa sinema, ambaye alikuwa ameona kila filamu ya Kihindi iliyopita mjini, nyingine mara nyingi mpaka akawa analia kabla ya mwigizaji kulia. Wa tatu mzee mmoja wa Tumbatu, baharia aliyestaafu, aliyezunguka bandari zote za dunia na hakuna hata moja iliyompendeza. Wa nne mimi.

Mchezo wetu ulikuwa wahedi wa sitini. Asiyeujua asihangaike. Watu ni wanne, wawili kwa wawili, wenzi hukaa wakitazamana. Katika kopa, uru, pau na shupaza, aina moja huwa ndiyo turufu, nayo hula nyingine zote. Karata kubwa ni ree, kisha saba. Upande unaofikisha pointi sitini na moja ndio ulioshinda. Hizo ndizo sheria. Lakini barazani sheria ni mwanzo tu wa mazungumzo, na kila mtu alikuwa akipeana ishara na mwenzi wake. Mimi na fundi tulikuwa na zetu: kushika sikio maana yake ninayo ree ya turufu, kukuna pua, ninayo saba, kukohoa, sina kitu, jiokoe mwenyewe. Baharia na mkata tiketi walikuwa na zao, na iliyokuwa maarufu kuliko zote ni ya baharia, ambaye akitaka mwenzake atie turufu alitazama juu kama mtu anayeomba dua.

Maneno nayo hayakukatika. Maoni tulikuwa nayo juu ya kila kitu, ila yalikuwa na sauti zake. Juu ya sinema tulipiga kelele. Juu ya kazi tulizungumza kawaida. Juu ya suruali tulizungumza chini chini, na juu ya siasa tulisema, "Haya, gawa karata."

Sinema ndiyo iliyotugombanisha zaidi. Mkata tiketi alikuwa na imani kwamba filamu ambayo hakuna aliyelia kabla ya mapumziko ni wizi. Baharia hakukubaliana na filamu hata moja.

"Mie nshaona watu wanazama," alisema siku moja. "Wa kweli, si wa picha. Hakuna hata mmoja aliyeanza kuimba."

"Kwa sababu hapakuwa na aliyependa," mkata tiketi akamjibu.

"Kulikuwa na mpishi wetu. Alikuwa na wake wawili."

"Sasa huyo ana haja gani ya kuimba? Huyo kapumzika."

Fundi alicheka mpaka akatema pini. Yeye mwenyewe maoni yake yalikuwa ya suruali. Vijana walikuwa wamemletea suruali zao azitanue chini, bugaluu, mpaka mtu akitembea anafagia njia. Naye alitia vitambaa, akatanua. Kisha ikaja amri ya serikali kwamba suruali hizo hazifai, na vijana wale wale wakarudi na suruali zile zile wakitaka zipunguzwe upesi. Fundi alikuwa akifumua mshono wake mwenyewe na kuuhurumia.

"Nlivitia, nnavitoa," alisema. "Kazi ni kazi. Mungu akijaalia, mwakani watavaa kanzu watu wote na mie nipumzike."

Akishasema hivyo alitazama njia, kulia na kushoto, ndipo akaendelea kushona.

Siku hiyo ninayoisimulia mimi nilikuwa nimepata bahati isiyo ya kawaida. Kila karata zikigawiwa, ree ya turufu inakuja kwangu, na kila ikija nashika sikio. Nilikuwa sina habari kwamba ng'ambo ya njia, dukani, kuna mtu amesimama anatuangalia. Nilipoinua uso nikamwona Mwenyekiti wa tawi mbele yetu, ndani ya shati lake la mifuko minne, mikono nyuma.

Tulisimama wote. Fundi alisimama na kitambaa cha mtu mkononi.

"Kaeni, ndugu, kaeni," alisema Mwenyekiti. Kisha akanigeukia mimi. "Ndugu, sikio linakuuma?"

"Naam, Ndugu Mwenyekiti. Linauma."

"Na huyu mwenzako nnamwona anakuna pua."

"Mafua," alisema fundi, na sauti kweli ikatoka ya mafua.

"Na mzee huyu? Mara kwa mara anatazama juu."

"Nnaangalia hali ya hewa," alisema baharia.

Mwenyekiti naye akatazama juu. Juu yetu palikuwa na boriti na sakafu ya ghorofa ya pili, na katika boriti mjusi. Alimtazama mjusi kwa muda, mjusi akamtazama yeye.

"Ndugu zangu," alisema, "nimeletewa habari kwamba kuna watu hapa wanapeana alama. Nmekuja mwenyewe kwa sababu nyinyi ni watu wazima. Hizo alama za nini?"

Nilisikia moyo wangu unagonga kama mlango wa mtu anayedaiwa. Hapo fundi, mpole wa watu, ndiye aliyetuokoa.

"Ndugu Mwenyekiti, nikuambie kweli? Tunaibiana karata."

Akamweleza yote. Sikio, pua, kikohozi na hali ya hewa. Mwenyekiti alisikiliza kwa makini kama anayepokea ripoti. Fundi alipomaliza, Mwenyekiti alipumua kwa nguvu, na mimi nikaona kwamba yule bwana naye alikuwa amekuja na hofu yake, na sasa imemtoka. Akavua viatu, akapanda barazani, akakaa.

"Basi nami nifundisheni," alisema. "Mchezo huu nliuacha udogoni."

Mkata tiketi alimpisha nafasi yake kabla hajaulizwa. Kwa hivyo Mwenyekiti akawa mwenzi wa baharia, dhidi yangu mimi na fundi.

Nitasema kwa heshima zote: hakujua. Alitia turufu pasipo haja. Palipokuwa na haja aliiweka turufu yake mkononi kama mayai. Katikati ya mchezo alitupa saba ya kopa mbele ya fundi, pointi kumi kavu, na fundi alikuwa na ree ya kopa, ningeweza kuapa, maana ilikuwa inamtoa jasho. Fundi aliangalia ile saba. Aliangalia suruali zilizotundikwa ukutani nyuma yake, nusu yake bado pana. Kisha akatupa karata ndogo ya kopa, na Mwenyekiti akazoa saba yake akicheka.

Hapakuwa na neno lililosemwa baina yetu. Lakini kuanzia dakika hiyo sote wanne tulijua kwamba Mwenyekiti atashinda.

Kesho yake akaja tena. Na kesho kutwa. Alasiri ikifika tulimwona anakuja na viatu vyake vya kamba, anaitikia salamu huku na huku, "Marahaba, marahaba," na uso wa mtu anayekwenda harusini. Alikaa, alicheza, alishinda, alikunywa kahawa, alikwenda zake. Siku akicheza na mimi, mimi na yeye tunashinda. Akicheza dhidi yangu, mimi nashindwa.

Watu hudhani kushindwa ni rahisi. Kushinda karata kunataka akili, lakini kushindwa na mtu asiyejua kunataka kipaji. Siku nyingine Mwenyekiti alipata karata mbovu, na bado akazicheza vibaya, na sisi tukawa tunahangaika kuzipoteza zetu nzuri kuliko yeye anavyopoteza zake mbovu. Tulitoka jasho. Siku moja alitupa ree ya turufu juu ya takataka, pasipo na pointi hata moja, na baharia akainuka bila ya kusema, akaenda uani kunawa uso. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Umeona ile, mzee?" Mwenyekiti alimuuliza. "Nmekushtua."

"Umenishtua," alisema baharia. "Tangu nizaliwe sjashtuka hivi."

Ubingwa ukamkaa. Alianza kutufundisha. Siri ya karata, alisema, ni msimamo. Alisema adui humjui mpaka atupe karata yake. Alisema mkata tiketi ana papara, na kwamba mimi nina akili lakini sina mpango, na nadhani hilo la mwisho lilikuwa kweli, kwani hata mkuu wangu wa kazi alikuwa akiniambia hivyo. Aliponigeukia na kuniuliza kazini tunafanya nini kutwa, nilimjibu kwamba asubuhi tunasubiri chai na baada ya chai tunasubiri mafaili, akacheka sana, nami nikashangaa kwamba nimesema jambo kama hilo mbele yake.

Kisha akaja mkewe.

Mkewe alikuwa mkunga, mwanamke mrefu, mwenye mwendo wa haraka, aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa. Alikuja siku moja mchana na gauni la kurekebishwa. Mimi nilikuwa hapo nimefuata suruali yangu, na baharia alikuwa amelala barazani kofia usoni.

"Shikamoo, Bi," nilimwamkia.

"Marahaba." Akampa fundi gauni, akamtazama machoni. "Nyinyi mnamwachia."

"Nani, Bi?" fundi akauliza.

"Usinifanye mtoto. Mume wangu. Mnamwachia karata."

"Astaghfirullahi! Bi, mumeo ni bingwa. Muulize huyu."

Mimi nilitikisa kichwa kukubali, na pia kukataa, kichwa kikawa kinazunguka tu.

"Bingwa!" alisema. "Jana nimemfunga mara tatu huku nnachambua mchele. Mara ya tatu karata zangu nimezilaza kifudifudi, nnatupa bila ya kutazama."

"Na yeye akasemaje?"

"Akasema mimi sina nidhamu ya mchezo." Alikaa ukingoni mwa baraza, na nikaona kwamba hakasiriki, amechoka tu. "Jamani, alikuwa mtu mzuri. Alikuwa akirudi kazini ananisaidia kubembeleza mtoto. Sasa akirudi anatukalisha mimi na watoto anatufundisha msimamo. Wali unapoa. Nifanyieni hisani. Mshindeni japo mara moja, arudi nyumbani kanyamaza."

Aliondoka, tukabaki kutazamana. Baharia aliondoa kofia usoni; alikuwa hakulala hata kidogo.

"Haya," alisema fundi. "Nani?"

"Mie nna wajukuu," alisema baharia.

"Mie ni mtumishi wa serikali," nilisema.

Mkata tiketi, alipokuja akaelezwa, alisema kwamba yeye ni msanii kwa tabia, moyo wake hauwezi. Fundi alionyesha tu kwa mkono zile suruali za ukutani. Kwa hivyo alasiri Mwenyekiti alikuja akatufunga kama kawaida.

Sijui mambo haya yangefika wapi, ila yakatangazwa mashindano ya karata baina ya matawi, Jumapili moja. Asubuhi watu wawe kazi ya kujitolea Michenzani, kubeba mchanga na mawe kwenye yale majumba marefu yaliyokuwa yakijengwa, na jioni, wakishaoga, mashindano yafanywe katika darasa la skuli moja huko Mpendae. Mwenyekiti alijiandikisha yeye mwenyewe kuwakilisha tawi. Kuwa mwenzi wake akanichagua mimi.

"Wewe mtulivu," aliniambia. "Halafu tunafahamiana."

Nilikwenda kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Darasa lilikuwa limejaa, watu mpaka madirishani. Tulipangiwa mahamali wawili wa bandarini, ndugu, vifua kama makasha ya chai, waliokuwa wametoka kubeba mawe asubuhi na bado wana nguvu za kucheka. Hawakumjua Mwenyekiti ni nani. Kwao alikuwa mzee mmoja mwenye shati la mifuko mingi.

Karata za kwanza tu nikapata ree ya turufu. Nikashika sikio. Mwenyekiti alinitazama kwa huruma.

"Bado linakusumbua sikio hilo?" aliniuliza mbele ya watu wote. "Sikukwambia uende hospitali?"

Ndipo nilipofahamu kwamba zile ishara alielezwa siku ile ya kwanza, akaziandika kichwani kama ushahidi, kisha hakuzitumia hata siku moja. Angezitumia kwa nini? Kwetu alikuwa akishinda bila ya hizo. Niliendelea kulivuta sikio mpaka likawa moto. Nilikuna pua. Nilikohoa. Mtoto wa dirishani akasema, "Masikini, kaka yule mgonjwa."

Mwenyekiti akatupa ree ya uru mbele ya hamali mkubwa. Yule bwana akaikata kwa turufu ndogo kabisa, akaizoa, akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Mzee wangu," alisema, "ree hiyo unaitupa wapi? Unayo nyingine nyumbani?"

Darasa zima likacheka. Si kicheko cha ubaya, ni cha barazani, cha kila siku, kile ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimechekwa mara nyingi. Lakini yeye hakuwa amekisikia tangu alipoanza kucheza nasi. Niliona uso wake unabadilika. Alitazama karata zake kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. Alicheza michezo iliyobaki kwa uangalifu, polepole, na kila uangalifu ulitupeleka mahali pabaya zaidi. Tulifungwa vibaya. Wale ndugu walitushika mikono, mkubwa akasema, "Njooni bandarini siku moja, tutakufundisheni," na alikuwa anasema kwa wema.

Tulirudi mjini kwa miguu, giza likianza kuingia. Kisha akasema, bila ya kunitazama:

"Tangu lini?"

Ningeweza kumuuliza, tangu lini nini. Sikuweza.

"Tangu siku ya kwanza, Ndugu Mwenyekiti."

"Wote?"

"Wote."

"Hata yule mzee?"

"Yeye ndiye aliyepata tabu kuliko sote."

Alitembea. "Na mke wangu?"

"Bi hakukuachia hata siku moja."

Hapo akasimama. Nilidhani sasa yamenifika. Lakini alikuwa anafuta uso kwa leso, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya Mwenyekiti.

"Unajua," alisema, "ofisini nnaletewa watu wanasema naam, naam, kwa kila nnachosema. Nnajua hawasemi kweli. Basi alasiri ikifika nilikuwa nnafurahi. Nnasema, nnakwenda mahali ambapo nnajua kitu, na watu wananishinda au nnawashinda." Akaikunja leso. "Kumbe na nyinyi mlikuwa mnasema naam."

Hofu niliyokuwa nayo kwa miezi yote ile iliondoka, na mahali pake pakaingia kitu ambacho sikukitegemea hata kidogo, huruma, na ndani ya huruma aibu. Tuliachana penye njia panda. Sikumwambia kwaheri kwa cheo chake. Nilimwambia, "Usiku mwema, kaka," akaitikia.

Wiki nzima hakuonekana. Nilipowaeleza wenzangu niliyomwambia, kila mmoja alinitazama kama anayepima jeneza langu. Mkata tiketi akapata ghafla shangazi mgonjwa Kizimkazi. Fundi akazificha karata ndani ya pasi ya mkaa, akasahau, akatia mkaa. Harufu ya shupaza inayoungua ninaijua mpaka leo. Baharia peke yake alikaa barazani bila ya wasiwasi. "Bora," alisema. "Ningecheza na yule bwana mwezi mwingine ningekufa kwa presha."

Siku ya nane au ya tisa Mwenyekiti akaja. Alivua viatu, akapanda, akakaa mahali pake.

"Masalkheri. Karata ziko wapi?"

"Zimeungua," alisema fundi.

Hakuuliza zimeunguaje. Alimtuma mtu akaleta za nyumbani kwake, zile ambazo mkewe alikuwa akimfunga nazo. "Leo," alisema, "nnataka kupigwa. Atakayeniachia, sirudi tena hapa, na itakuwa mmenifukuza nyinyi."

Baharia alizigawa. Sijapata kumwona mzee mwenye furaha kama ile. Alimfunga Mwenyekiti, akamfunga tena, akamsuta kwa kila karata, akamwuliza kama huko ofisini pia anatupa ree ovyo. Mwenyekiti aliduwaa kidogo, kisha akaanza kujibu. Siku ile ikapita, na nyingine, na polepole akajifunza. Ishara alizijifunza zote. Akawa anakuna pua mpaka mkewe akaleta salamu kwamba tumemwachisha msimamo tukampa ugonjwa wa ngozi, lakini tusijali, wali sasa unaliwa moto.

Alishinda mchezo wake wa kwanza wa halali baada ya miezi, yeye na fundi, dhidi yangu na baharia. Hakushangilia. Alitutazama usoni mmoja mmoja.

"Wallahi sikukuachia," alisema baharia kwa hasira. "Nnaapa kwa wanangu. Umenifunga, laana ya Mungu!"

Mwenyekiti alilia kidogo. Alisema ni vumbi.

Tangu hapo maneno yakafunguka, na yeye akawa wa kwanza kuyafungua. Siku moja, katikati ya mchezo, akasema kwa sauti ya kawaida, ya njia nzima kusikia, kwamba kwa maoni yake suruali pana haijamdhuru mtu, na kwamba foleni ya sukari inamchosha mkewe kuliko uzazi wa mapacha. Sote tulitazama njia. Fundi akameza mate na pini nusura aimeze. Mkata tiketi, ambaye hakuwahi kuokoa mtu maishani mwake, akapayuka kwa nguvu zote, "Jamani, ile filamu ya juzi, mama anapomkuta mwanawe gerezani, nani hakulia?" Na sote, pamoja na baharia, tukasema tumelia, tumelia sana.

Mwaka uliofuata alihamishiwa shamba, vijijini upande wa kaskazini. Mwenyekiti mpya alikuwa mtu wa mpira, hakupanda baraza ya mtu. Mkunga alibaki mjini kwa muda kwa sababu ya kazi yake, na kila akipita alitupa habari. Huko alikokwenda, alisema, mumewe alitafuta baraza siku ya pili tu, akacheza na wakulima wa karafuu, na kabla ya kugawa karata akawaambia kwamba yeye si bingwa. Wakamfunga. Sasa anajulikana huko kuwa mchezaji wa wastani, anashinda siku mbili tatu kwa wiki, na hakuna sifa anayoipenda kuliko hiyo.